Kufunga spesa za magurudumu kwenye 4x4 iliyoinuliwa

Gari likishainuliwa kwa springi ndefu na kuvishwa tairi pana, mambo mawili hujitokeza mapema. Usukani ukikatwa hadi mwisho, tairi linasugua springi, fremu au mkono wa juu wa saspensheni. Na kwenye kona gari linalala kuliko lilivyokuwa likilala zamani. Spesa, kipande kinachowekwa nyuma ya gurudumu, inasaidia yote mawili kwa sababu inasogeza gurudumu nje. Lakini inakaa kati ya habu (kitovu kinachozunguka, gurudumu linapofungwa) na rimu, mahali penyewe panaposhikilia gurudumu, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye yale ambayo wengi huyaruka: kupima, kusafisha, na kurudi kukaza.

Spesa nzuri iliyofungwa sawasawa hukaa miaka. Zinazoachia ni zile zilizonunuliwa kwa kukisia, zikafungwa juu ya kutu, kisha zikasahauliwa.

Kwanza ujue zitakurudishia nini

Wengi huambiwa kwamba spesa zinaondoa athari ya kuinua gari. Tufanye hesabu. Chukua gari lenye mm 1,500 kutoka katikati ya tairi la kushoto hadi katikati ya tairi la kulia, na kitovu cha uzito kilicho mm 700 juu ya ardhi. Nusu ya upana ni 750. Igawanye kwa 700, unapata 1.07. Kwenye karatasi, gari hilo likiwa limesimama linaweza kuinamishwa upande hadi nyuzi 47 kabla ya kupinduka. Sasa liinue hadi kitovu kifike mm 750. Uwiano unashuka hadi 1.00, na pembe ni nyuzi 45. Funga spesa za mm 30 kila upande: upana unakuwa mm 1,560, uwiano 1.04, nyuzi 46 hivi.

Umerudishiwa kama nusu ya ulichopoteza. Ili urudi pale pale ungehitaji karibu mm 54 kila upande, unene ambao mimi singeuweka kwenye gari langu kwa sababu hiyo peke yake. Barabarani pembe halisi ni ndogo zaidi ya hizo, maana springi zinabonyea na tairi zinajikunja. Kwa hiyo funga spesa ukijua kwamba gari bado ni refu, na kona zako ziendeshe hivyo.

Kuna gari ambalo spesa za nyuma zina sababu yake maalumu. Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ilipowekewa injini ya V8 mwaka 2007, ekseli ya mbele ilipanuliwa lakini ya nyuma ikabaki nyembamba, tofauti ya takriban mm 95. Kwenye mchanga au tope, tairi za nyuma hazipiti kwenye njia iliyokwisha kushindiliwa na za mbele. Zinajichimbia ya kwao. Ndiyo maana wenye magari hayo huongeza upana wa nyuma tu na kuuacha wa mbele.

Upande wa gharama: uzito wa gari unasogea mbali zaidi na beringi za habu, kwa hiyo zinabeba mzigo wenye nguvu zaidi ya kuzipinda. Mbele, katikati ya tairi inasogea nje ya mstari ambao gurudumu linazungukia usukani unapokatwa, kwa hiyo jiwe au shimo utalisikia mkononi zaidi. Na tairi linapokata kona linachora tao kubwa kuliko zamani: ulichopona ndani, karibu na springi, unaweza kukipata nje, kwenye bampa au nyuma ya madigadi. Rimu yenye ofseti ndogo (ofseti ni umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wake unaofungwa kwenye habu) ingeleta madhara hayo hayo. Rimu ya ofseti +30 ikifungwa juu ya spesa ya mm 30 inakaa kama rimu ya ofseti 0. Tofauti ni kwamba rimu haiongezi kiungo kingine cha kukaza, na kama tayari ulikuwa na mpango wa kununua rimu mpya, nunua zenye ofseti unayoitaka uachane na spesa.

Kabla ya kutoa fedha, uliza pia sheria ya mahali gari liliposajiliwa na masharti ya bima yako. Ziko nchi ambazo spesa haziruhusiwi kabisa, na nyingine zinataka zikaguliwe na kuandikwa kwenye hati za gari. Mara nyingi pia tairi halitakiwi kutokeza nje ya madigadi, kwa hiyo huenda ukahitaji vipanuzi vya madigadi.

Kuchagua

Ziko aina mbili. Moja ni kisahani kitupu chenye matundu, kinachovishwa kwenye stadi za gari (boliti zilizotokeza kwenye habu), na nati za gurudumu zinafungwa kwenye stadi zile zile. Kila milimita ya kisahani inaliwa kutoka kwenye urefu wa stadi. Kwa gari zito la porini sizitumii, ila kisahani cha mm 3 hadi 5 cha kuokoa rimu isiguse kalipa ya breki, tena baada ya kuhesabu meno yanayobaki au kubadili stadi ziwe ndefu.

Ya pili ndiyo tunayoizungumzia hapa: spesa nene inayofungwa kwenye habu kwa nati zake, halafu ina stadi zake yenyewe za kupokea rimu. Kwa kawaida huanzia mm 25 hivi, kwa sababu ikiwa nyembamba zaidi stadi za gari hutokeza na kuigonga rimu. Kwa gari lililoinuliwa inchi mbili, mm 25 hadi 32 zinatosha watu wengi.

Vipimo vya kulinganisha ni hivi, na kimoja kikikataa usinunue:

Mpangilio wa stadi. Hilux za 4x4, Prado na Patrol Y61 ni 6x139.7, yaani stadi sita kwenye duara la mm 139.7. Land Cruiser 200 ni 5x150, Suzuki Jimny 5x139.7, Jeep Wrangler JK 5x127.

Tundu la kati. Hapa ndipo watu wengi huangukia. Hilux, Ford Ranger na Mitsubishi Pajero zote ni 6x139.7, kwa hiyo spesa ya moja itaingia kwenye stadi za nyingine. Lakini mdomo wa habu (duara lililotokeza katikati yake) wa Hilux ni mm 106.1, wa Ranger mm 93.1, wa Pajero mm 67.1. Spesa iliyotengenezwa kwa 106.1 ikiwekwa kwenye Ranger inaning'inia kwenye stadi bila kitu cha kuiweka katikati, na mtetemo utauona kwenye usukani. Spesa inayofaa inabana mdomo wa habu kwa ndani, na kama rimu yako nayo inategemea mdomo huo, spesa iwe na mdomo wake kwa nje.

Meno ya stadi. Hilux ni M12x1.5, Patrol Y61 ni M12x1.25. Unene ni mmoja, meno siyo. Nati isiyo yake huingia kidogo kisha inakwama, na mwenye haraka anaisukuma kwa nguvu hadi meno yanaharibika. Nati iingie kwa vidole.

Mkao wa nati. Rimu nyingi za aloi za kiwandani za Toyota hutumia nati zenye shingo iliyonyooka na washa bapa, wakati rimu za chuma na nyingi za dukani zinataka nati zenye ncha ya koni. Ukitumia ya koni kwenye tundu la bapa, inashika kwenye ukingo mwembamba tu na haitabaki imekaza.

Kuhusu madini yenyewe, tafuta spesa iliyochongwa kutoka kwenye aluminiamu ya daraja la 6061-T6 au 7075-T6, yenye stadi za chuma za daraja la 10.9. Alama hizo ziwe zimechongwa kwenye kifaa chenyewe au kwenye hati ya mtengenezaji. Aluminiamu ya kumiminwa kwenye kalibu, isiyo na jina wala daraja, iache. Na usipange spesa juu ya spesa, hata kama mbili ulizonazo zinajumlisha unene unaoutaka.

Vifaa

Jeki inayolingana na uzito wa gari, stendi mbili, kabari za magurudumu, spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza), wilispana, soketi yenye ukuta mwembamba (nati za ndani, zile za kufunga spesa kwenye habu, hukaa kwenye mashimo, soketi nene haiingii), brashi ya waya, msasa, kitambaa, rula iliyonyooka, rula ya venia, kalamu ya rangi na rafiki mmoja wa kukanyaga breki.

Kazi yenyewe

1. Pima nafasi kabla ya kuvua chochote. Gari likiwa chini, kata usukani hadi mwisho kila upande. Pima kutoka tairi hadi bampa, hadi madigadi kwa nyuma, na hadi mahali bodi inapofungwa kwenye fremu. Yaandike. Kama tairi limebakiza mm 15 kufika kwenye madigadi na unataka spesa ya mm 30, tayari unajua kuna kazi ya kukata au kusogeza plastiki. Kwa gari lenye ekseli nzima na fito ya panhadi (ile inayozuia ekseli isiende upande), pima pia kushoto na kulia: gari likiinuliwa bila kurefusha fito hiyo, ekseli inavutwa upande mmoja. Sahihisha hilo kwanza. Usilifiche kwa kufunga spesa nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili.

2. Simamisha gari mahali tambarare na pagumu. Legeza nati robo mzunguko tairi likiwa bado ardhini, kisha weka kabari kwenye magurudumu yasiyoinuliwa, mbele na nyuma ya tairi. Kabari si za mapambo hapa. Kwenye magari ambayo handibreki inashika shafti na si magurudumu, ukiinua gurudumu moja la nyuma difu (gia za ekseli zinazogawa mzunguko kati ya magurudumu mawili) inaliruhusu lizunguke, na gari linaweza kuondoka kwenye jeki huku handibreki ikiwa juu. Kuacha gia ndani hakukuokoi kwa sababu ile ile. Inua, weka stendi, shusha uzito juu ya stendi, litikise gari, ndipo uvue gurudumu.

3. Safisha. Gurudumu halining'inii kwenye stadi kama koti linavyoning'inia kwenye msumari. Linashikwa na msuguano wa nyuso mbili zilizobanwa pamoja, na stadi kazi yao ni kubana. Kati ya nyuso hizo pakiwa na kutu, rangi nene au tope, utakaza hadi spana ikubali, lakini uchafu ule utapondeka njiani na mbano utapotea. Piga brashi uso wote wa habu hadi chuma kionekane, zungushia na kwenye mdomo wa kati, kisha futa. Toa vile vibanio vyembamba vya bati ambavyo kiwanda huvisha kwenye stadi ili kushikilia diski au dramu. Ukiona kichwa cha skrubu kimetokeza kwenye uso, kishushe. Safisha na mgongo wa rimu vivyo hivyo.

Safu nyembamba ya grisi ya kuzuia kutu kwenye mdomo wa habu ni nzuri, kwa sababu aluminiamu ikikaa juu ya chuma na maji yakaingia, huungana na baadaye utaivua spesa kwa nyundo. Usipake kwenye uso unaobanwa. Usipake kwenye meno ya stadi pia, ila mtengenezaji wa spesa awe ameagiza. Meno yenye mafuta hufanya torki ile ile ivute stadi zaidi ya ilivyokusudiwa.

4. Jaribu spesa ikiwa kavu. Isukume kwa mikono hadi ilale kwenye habu. Ikigoma, usiivute kwa nati, tafuta kinachoizuia. Mara nyingi ni mdomo wa habu ambao ni mrefu kuliko tundu la spesa lilivyo na kina, au pembe ya kutu uliyoiacha. Ikishalala, jaribu kuingiza fila geji (kijikaratasi cha chuma cha kupimia nafasi) ya mm 0.05 kuzunguka ukingo wote. Isiingie popote. Mbele, angalia pia kwamba habu ya kufungia 4x4 inapita kwenye tundu na haitagongana na rimu.

5. Hesabu mizunguko ya nati za ndani. Meno yaliyoshikana yawe na urefu usiopungua unene wa stadi. Kwa M12x1.5 hiyo ni mizunguko minane kamili, kwa M12x1.25 kumi, kwa M14x1.5 kumi pia. Chini ya hapo, rudisha spesa dukani.

6. Kaza nati za ndani. Tumia zilizokuja na spesa, maana za gari ni ndefu na zitatokeza. Kama mtengenezaji ameleta gundi ya boliti, itumie kwa kiasi alichosema. Ziingize zote kwa vidole, zikaze kidogo kwa mpangilio wa nyota (moja, halafu inayoikabili), kisha rafiki akanyage breki na umalizie kwa spana ya torki kwa awamu mbili: nusu ya torki, halafu torki kamili. Kiasi ni kile kilichoandikwa na mtengenezaji wa spesa. Usikisie na usikope namba ya gari lingine. Kuna 4x4 ambazo rimu ya aloi inatakiwa kukazwa kwa kitu kama Nm 130 na ya chuma kwa zaidi ya Nm 200 kwenye stadi zile zile. Mashine ya upepo haifai hapa. Haikuambii umefika wapi, na ikivuta stadi kupita kiasi hutaiona mpaka siku itakapokatika.

Kila nati ukiimaliza, ichore mstari kwa kalamu ya rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye spesa. Mstari huo utakuwa shahidi wako baadaye.

7. Laza rula juu ya uso wa spesa. Isiguse ncha ya stadi ya gari wala kichwa cha nati. Kikitokeza hata milimita moja, rimu itakaa juu yake badala ya kukaa kwenye spesa, isipokuwa rimu yako ina mifuko kwa nyuma mahali hapo hapo. Stadi iliyotokeza inakatwa, lakini ukishaikata umejifunga: huwezi kurudi kwenye gari lisilo na spesa bila stadi mpya.

8. Rudisha gurudumu. Nati kwa vidole, nyota, shusha gari hadi tairi liguse tu ardhi, halafu torki kamili kwa awamu. Zungusha kila gurudumu kabla ya kulishusha na usikilize kama rimu inagusa kalipa au kizani cha risasi (kile kipande cha kusawazisha gurudumu) kinakwaruza.

9. Jaribu nafasi upya. Kata usukani hadi mwisho gari likiwa tambarare. Kisha pandisha gurudumu moja la mbele kwenye ngazi imara au tuta ili springi ibonyee, na ukate tena polepole, mtu mwingine akitazama. Tairi ambalo halikugusa uwanjani mara nyingi hugusa hapa. Alama mbichi ya mpira kwenye plastiki unaweza kuishughulikia kesho. Tairi likigusa chuma au bomba la breki, usiende popote.

Nati usizoziona

Baada ya kilomita 50 hadi 100 kila kitu kinakazwa upya, na kila kitu maana yake ni pamoja na nati za ndani. Hapo ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Nati za nje ziko wazi, ukipita nazo kwa spana dakika tano unajiona umemaliza. Za ndani zimefunikwa na rimu. Kuzifikia ni lazima uinue gari na kuvua magurudumu yote yenye spesa, mara ya pili katika wiki moja.

Mimi nilijifunza kwa gari langu. Spesa zilikuwa zimefungwa gereji, na nikaambiwa kwamba zimekazwa upya. Siku ya tatu nikaanza kusikia mlio mdogo wa chuma kutoka nyuma kushoto, mmoja kila mzunguko, gari likienda polepole tu. Mwendo ukiongezeka unapotea. Nikaegesha, nikajaribu nati za nje, zote zimekaza. Nilikaribia kuendelea na safari. Nilipovua gurudumu, nati nne kati ya sita za ndani zilizunguka kwa vidole, na matundu ya spesa yalikuwa yameanza kulika yakawa ya yai. Spesa ile haikurudi kwenye gari, na stadi sita nikazibadilisha zote, hata zilizoonekana nzima, kwa kuwa stadi iliyofanya kazi ikiwa imelegea imeshapindwa mara maelfu.

Kwa hiyo ukisikia mlio wa kila mzunguko, au usukani ukianza kutetemeka ghafla, simama na uvue gurudumu. Kukaza nje hakukwambii kitu.

Ukivua baada ya kilomita zile za kwanza, tazama mistari ya rangi kabla ya kugusa spana. Ikiwa imenyooka, pitia na torki na urudishe. Ikiwa nati moja imesogea kidogo, kaza, chora upya, rudia baada ya kilomita 100 nyingine. Ikiwa nati ile ile imesogea tena, usikaze mara ya tatu: vua spesa, kuna uchafu, uso uliopinda au stadi iliyorefuka kwa kuvutwa. Baada ya hapo, ukaguzi wa nati za ndani uende pamoja na kuhamisha tairi, kila kilomita 8,000 hadi 10,000, na pia baada ya safari yoyote ambayo gari lilizama kwenye tope au kupiga jiwe kwa nguvu. Ukiwa pale, shika tairi juu na chini ulitikise. Beringi iliyochoka utaisikia ikicheza.

Mwisho ni tairi la akiba. Linafungwa juu ya spesa kama mengine, kwa hiyo hakikisha rimu yake inapokea nati zile zile. Kama la akiba ni la rimu ya chuma na manne ni ya aloi, beba seti ya nati zake pamoja na soketi nyembamba kwenye mfuko mmoja, na siku ya kufunga spesa lijaribu hilo la akiba kwenye habu ya mbele na ya nyuma kabla hujarudisha vifaa sandukuni.